Mita Mia Moja Nyuma ya Kaka Yangu

Mimi ni mtoto wa katikati, na kwetu Kibosho mtoto wa katikati huzaliwa akiwa ameshapunjwa. Kaka mkubwa hupewa sehemu yake ya kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi yetu. Kitinda mimba hubaki na nyumba ya baba, mama akiwa ndani yake. Sisi wa katikati tunaambiwa dunia ni pana, twende tukatafute. Baba yangu alinionea huruma kidogo. Kabla hajafa alinikatia ukanda wa chini, karibu na mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani, akapanda masale mpakani kwa mikono yake mwenyewe. Masale ni mmea wa majani marefu ya kijani, na kwetu mpaka ni huo. Karatasi hatukuwa nayo wala hatukuihitaji.

Baada ya mazishi ya baba, kaka aliyang'oa masale yale. Nilimkuta asubuhi moja ameyatupa kwenye mfongo, ameanza kurundika mawe ya msingi katikati ya ukanda wangu. Sikuuliza swali. Nilimrukia, nikampiga ngumi ya shingo, nikamng'ata sikio, naye akainua mpini wa koleo akanitandika nao mdomoni. Meno mawili ya mbele yakang'oka. Moja nililitema, jingine nadhani nililimeza. Mama alipofika alitukuta tumelaliana kwenye matope, kila mmoja amemkaba mwenzake, damu imetapakaa mpaka kwenye mashina ya migomba. Tangu siku ile sikumwamkia tena kaka yangu, ingawa amenizidi miaka mingi. Kumnyima mkubwa wako shikamoo, kwa watu wa kwetu, ni tusi tosha.

Nikashuka Moshi mjini. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kila kichochoro kinafungua chumba cha kompyuta, na mimi nikapata kazi ya kusimamia kimojawapo nyuma ya soko. Watu walikuja kuchapa maombi ya kazi na kusoma barua pepe za ndugu zao walioko nje. Lakini mashine mbili za pembeni, zilizounganishwa kwa waya, zilikuwa na mchezo wa ndege za kivita za zamani, zile zenye pangaboi puani. Wawili walikaa kila mmoja na kioo chake, wakatafutana angani na kuuana. Niliupenda mchezo ule kwa ukatili wake, na sioni sababu ya kusema vinginevyo. Nilikuwa na hasira ya kutosha kijiji kizima, na pale nilipewa bunduki sita.

Bunduki zenyewe hufungwa kwenye mabawa, tatu kushoto na tatu kulia, na katikati yake umekaa wewe. Zikipiga zimenyooka tu, risasi zitampita adui huku na huku bila kumgusa. Kwa hiyo huinamishwa kidogo kwa ndani ili zikutane mbele, mahali pamoja, na umbali wa mahali hapo unauchagua mwenyewe kabla ya kuruka. Palikuwa na kisanduku kidogo cha kuandikia mita, kimejificha kwenye ukurasa wa kuandaa ndege, na wachezaji wengi hawakuwahi kukifungua. Mimi nilikifungua. Niliruka chini chini juu ya bahari, nikafyatua, nikatazama mistari miwili ya maji yanayoruka ikisogeleana hadi ikawa mmoja. Adui akiwa mbele ya pale au nyuma yake, unamchubua tu. Akiwa pale pale, risasi zote zinamfika kama mikono miwili shingoni, na bawa linang'oka.

Mchezo ulikuja umewekwa mita mia tatu. Nikaona huo ni umbali wa waoga. Nikaweka mia moja, na ukiwa mita mia moja unamwona rubani kisogo. Niliwachana vijana wa pale mjini mmoja mmoja. Niliwasha matangi yao ya mafuta, nikawafuata wakishuka huku wanawaka, nikaendelea kupiga hata pale ambapo hapakuwa na haja. Kila kisogo nilichokiona kilikuwa cha kaka yangu.

Naye mwenyewe akaja. Jumamosi moja mchana, akitoka kuuza ndizi, alisimama mlangoni na vumbi la njiani hadi kwenye kope. Sikumsalimia.

"Nasikia hapa watu wanapigana na hawakamatwi na polisi," akasema.

"Kaa," nikamwambia. Nilimwonyesha vitufe vya kurushia ndege na cha kufyatulia. Kile kisanduku cha mita sikumwonyesha, na mpaka leo sijutii.

Akawa anakuja kila Jumamosi. Hatukuongea habari za mama wala za kahawa. Tulikaa bega kwa bega na kuuana. Kaka alipiga kwa mbali, tangu anaponiona tu, na risasi zake zilinipita kulia na kushoto. Aliipiga meza kofi. "Aisee, mbona nakufyatulia wewe hufi?" Nikamjibu ajiulize mwenyewe. Nilimsogelea mpaka ndege yake ikajaa kioo chote, ndipo nikabonyeza. Alikuwa anakunja uso kila bawa lake lilipokatika, na roho yangu ilikuwa inatulia kuliko ilivyowahi kutulia kanisani.

Siku moja, baada ya kuuawa mara nyingi mno, alinigeukia macho mekundu. "Jumamosi ijayo tupigane moja tu ya mwisho. Ukinishinda, mawe yangu nayaondoa pale chini. Nikikushinda, usikanyage tena mfongoni."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya hawa hawa."

Nilikubali hata kabla hajafunga mdomo. Ukanda wa baba yangu, mahali pekee duniani ambapo ningeweza kuzikwa bila kuomba ruhusa ya mtu, nikauweka juu ya meza ile ya mbao laini.

Jumamosi ilipofika chumba kilijaa hadi mlangoni. Tulipanda mawinguni, tukatafutana. Kaka aliniona kwanza, akaanza kumwaga risasi zake za mbali. Niligeuka, nikapinduka, nikamwingia kwa nyuma. Mita mia tatu, nikasubiri. Mita mia mbili, watu wakaanza kupiga kelele nifyatue, nikasubiri. Nilipomwona kisogo nilibonyeza na sikuachia. Bawa la kulia likavimba moto, likapasuka, likang'oka lote. Lakini nilikuwa karibu mno. Lile bawa lilirudi nyuma likazunguka na kunipiga puani, pangaboi yangu ikavunjika vipande, kioo changu kikawa chekundu. Tukaanguka wote wawili, moshi wake na wangu umeshikana, tukapasukia baharini.

Chumba kizima kikacheka. Sisi hatukucheka.

"Umeniparamia!" kaka akafoka. "Mjinga wewe, umejiua mwenyewe!"

"Ulikuwa umeshakufa!"

"Tumekufa wote. Mawe yanabaki."

Nilinyanyua kibodi nikampiga nayo usoni, vitufe vikatawanyika sakafuni. Akanishika nywele, akanigongesha paji la uso kwenye ukingo wa meza, mara moja, mara nyingine, nami nikamvuta hadi tukaanguka pamoja na kompyuta. Kioo kilipasuka chini yetu. Nilihisi vigae vikiniingia mgongoni na bado nilikuwa natafuta koo lake. Walitutenganisha watu watano, na mwenye chumba alinifukuza kazi damu ikiwa bado inanichuruzika machoni.

Habari ilimfikia mama kabla sijajifunga bandeji. Aliagiza nipande nyumbani Jumapili, baada ya misa. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, pembeni, na kaka amesimama mbele yake akiwa na isale mkononi, mche mmoja wa masale, shina zima na matope yake ya mizizi. Nilijua nimekwisha. Kwa Wachaga mtu akikujia na isale kukuomba msamaha, humkatai. Anayelikataa anajitakia balaa, yeye na watoto wake, na hakuna mzee atakayekaa naye tena kunywa.

"Nakuomba msamaha kwa meno yako," kaka akasema, "na kwa jana."

Kuhusu ukanda hakusema neno. Nilimwelewa mara moja na damu ikanichemka. Angesamehewa kila kitu leo hii, na kesho angeendelea kujenga, na mimi ningekuwa nimefungwa mdomo. Miezi yote ile alinipiga kwa mbali akanikosa. Sasa alikuwa amenisogelea.

"Pokea, mwanangu," mama akasema.

Nilipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe," nikamwambia, na mbele ya mama sikuwa natania. Tukanywa mbege kibuyu kimoja.

Kisha nikainuka na isale langu, nikateremka kwenye migomba hadi mfongoni. Niliyasukuma mawe yake kwa mguu, nikachimba kwa vidole mahali pale pale baba alipochimba, nikalipanda na kulishindilia kwa kisigino.

Kaka alikuja nyuma yangu mbio, jembe mkononi. Alilitazama isale, akalinyanyua jembe, na jembe likabaki juu. Kuling'oa lile kulikuwa kung'oa msamaha wake mwenyewe, na alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Nikampa mgongo. Nilisimama wima bila kukwepa, kisogo changu kikiwa wazi mbele yake.

Mama alifika polepole na kikopo. Alichota maji kwenye mfongo, akalimwagilia lile isale bila kumtazama yeyote kati yetu, akarudi nyumbani.

Ndipo nikageuka. Nilitabasamu ili alione vizuri lile pengo la meno yangu mawili.

"Shikamoo, kaka."

Alishusha jembe.

"Marahaba," akasema.