Neno Nililomwekea Mama Mutheu Mdomoni

Nilitoka nyumbani Kitui kwa sababu Daktari Achieng alihitaji mtu wa kumtafsiria Kikamba. Yeye ni mtafiti wa mifumo ya habari. Mimi niliishia darasa la nane, na mpaka leo sijui aliona nini kwangu. Wakulima walikuwa wamewekewa programu ya simu inayoonyesha bei za ndengu, zile choroko zetu, na za mbuzi, lakini sokoni hakuna aliyeifungua. Daktari alitaka kujua kwa nini.

"Hatuendi na jibu mfukoni," aliniambia tukipakia gari. "Tunaandika maneno ya watu, tunayapa majina, tunayalinganisha. Nadharia itachipuka humo humo."

Nilisisimka kama mtoto anayepelekwa shoo ya kilimo.

Jumatatu asubuhi, soko la Tulia. Mama Mutheu alikuwa amekalia gunia lake la ndengu, na hatua mbili tu kando yake mnunuzi wake, Mutua, alikuwa akining'iniza mizani. Daktari alikuwa upande wa mbuzi, akizungumza na wanaojua Kiswahili; mimi nikamwuliza mama mbona hafungui ile programu. Alicheka, akamtupia Mutua jicho, akafunga leso yake upya. Hakusema kitu. Nami, kwa kujifanya nawajua watu wetu, nikaandika: "Anaogopa simu."

Jioni Daktari aliyasoma maandishi yangu, akanakili maneno kwenye vipande vya karatasi. "Hofu!" akasema, akalipigia mstari mwekundu. "Tulifuate neno hili kwingine, tuone kama linasimama." Kiburi kikanipanda. Neno langu mimi, linafuatwa kwa gari!

Jumatano, Kibwezi, baada ya kupitia Mutomo. Kwenye mashamba ya umwagiliaji tuliuliza kila tuliyemkuta. Kwa haki niseme kijana mmoja alikiri anaogopa programu itammalizia bando la intaneti, na nilimwandika. Wengine walinicheka.

"Niogope simu? Hata shosho yangu mkongwe anatuma picha!"

Sokoni tulimpata Abdi, mchuuzi wa mbuzi ambaye familia yake ilitoka Garissa. "Bei naiangalia nyumbani, nikimaliza sala ya alfajiri," alisema. "Hapa simu inakaa mfukoni."

"Kwa nini?"

"Ndugu yangu, ukialikwa chakula, unaenda na mizani?"

Alhamisi mchana, mkahawani Kambu. Malori yalipita barabarani, chai ikatetemeka vikombeni. Daktari alipanga vipande vyake mezani, akavipangua. "Hofu inakataa kusimama," alisema. "Lakini Mama Mutheu aliitaja."

Nilikiweka kikombe chini. Wenye programu walikuwa wakingoja ripoti yake ili wairekebishe. Wangekuja kuwafundisha watu ujasiri ambao tayari wanao, kwa sababu yangu. Na nikisema ukweli, kazi yangu imeisha.

"Daktari, hakuitaja. Ni mimi. Yeye alicheka tu."

Alikiondoa mezani kipande cha hofu.

"Kicheko chake ulikiandika?"

"Hapana."

"Basi inuka. Turudi tukakichukue."

Ijumaa asubuhi, Tulia tena, safari hii nyumbani kwa Mama Mutheu. Alikuwa akipepeta ndengu.

"Mwaitu," nilimwambia, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "Jumatatu niliandika kwamba unaogopa simu. Nimekuja kuomba msamaha."

"Mimi? Mimi niliyefukuza nyani shambani kwa mwiko?" Alicheka kile kicheko cha Jumatatu. "Bei naijua kabla sijatoka hapa. Lakini mwaka ule wadudu waliponiharibia ndengu, wanunuzi wote walizikataa, Mutua akazinunua hivyo hivyo. Nikifungua simu mbele yake, si nimemwita mwizi? Kwa hiyo naitaja bei kana kwamba imenijia tu kichwani. Naye anashtuka, 'Aa, mama, umeitoa wapi hiyo!' Na najua ameiona asubuhi kama mimi!"

Daktari hakuelewa Kikamba, lakini kabla sijamaliza kutafsiri alikuwa amesimama. Alitoa kipande cha Abdi, akakilaza kando ya maneno ya mama. Vilikaa pamoja kama mchi na kinu. "Si hofu," alisema. "Wanajua, ila wanafichiana ili wasivunjiane heshima. Programu inatumika! Sisi tulikuwa tunaitafuta mahali isipofunguliwa." Sikufukuzwa kazi.

"Andika," Mama Mutheu aliniambia, "lakini Mutua asisomewe."

Nimejifunza kwamba mtu akinyamaza hajaniachia nafasi ya kujaza. Nilifungua daftari ukurasa wa Jumatatu, nikalipiga neno "anaogopa" mstari mmoja, ili bado lisomeke, na kando yake nikaandika: "Hili ni langu, si lake."

Kisha nikaandika kicheko.