Mwalimu Ninayemuuzia Vitumbua

Mwalimu wa mwanangu ananunua vitumbua kwangu kila asubuhi, na leo ndiyo mara ya kwanza tumeongea habari za mtoto!

Nimeenda shuleni nina hasira. Kwenye daftari la Zuhura mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu: "Mvivu."

Nikamwambia, "Mwalimu, mwanangu si mvivu."

"Mama Zuhura, ubaoni haangalii kabisa. Ananakili kwa mwenzake."

Nikaropoka, "Mbona nyumbani anasoma? Daftari analisogeza mpaka puani, lakini anasoma!"

Tukatazamana.

Mwalimu akaandika neno ubaoni, akamwambia Zuhura asimame nyuma ya darasa. "Haya, soma."

Mtoto akauliza, "Mwalimu, kwani umeshaandika?"

Wallahi nilikosa pa kuweka uso wangu.

Mwaka mzima! Yeye anayajua ya darasani, mimi nayajua ya nyumbani. Na kila asubuhi shikamoo, marahaba, joto la mtaa wetu wa Mabawa, watoto hawajambo, haya chukua vitumbua vyako. Juzi tu nimemfokea mtoto kwa uvivu ambao hana.

Mwalimu alilibeba dawati la Zuhura mwenyewe akaliweka mbele. Kesho biashara sifungui, nampeleka hospitali akapimwe macho, inshallah.

Nina hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Wazazi wenzangu, nyie mkikutana na mwalimu njiani mnaongea nini hasa?

Maana mchana Zuhura karudi anakimbia: "Mama! Kumbe mwalimu anaandikaga na tarehe ubaoni!"