Samaki wa Emilian na Ukuta wa Tanuri

Consolatha wa mtaa wa Cheyo hakuwa mtu wa kuuliza wenzake habari za joto. Maisha yake yote ni kuyeyusha nta ya nyuki na kumimina mishumaa ya kanisani, na ukimlalamikia kwamba leo jua kali, atakujibu, "Kali wapi? Nta yangu haijalegea hata kidogo!" Kujiamini alijaliwa, tena hadi kumwagika.

Basi mwanawe Raymundi alipoleta tangi la samaki kutoka Kigoma, la kioo, refu kama benchi, thubutu mtu mwingine aseme liwekwe wapi! Samaki walikuwa wa baba yake, Mzee Emilian, aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Tangu apooze upande mmoja, mzee yule alikuwa ameinunia dunia nzima. Asubuhi anakalishwa kitini sebuleni, na hapo hapo mpaka jioni, fimbo yake imeegemezwa pembeni haiguswi. Hospitali wamemwambia atembee, yeye kimya. Lakini alipochungulia ndoo waliyosafirishiwa akawaona wale samaki, akacheka. Akawapa majina ya stesheni alizozipita miaka yote: Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Consolatha akakimbilia jikoni akalia kwa furaha, kisha akatoka amekunja uso ili mtu asijue. Moyoni akala kiapo kwamba samaki hawa hawafi, kwa sababu wakifa, mume wake atarudi kule kule alikokuwa.

"Tangi likishajaa maji halisogezeki," akamwambia Raymundi. "Tunachagua mara moja tu, mahali pasipo joto. Hebu nipishe."

Akamega vidonge vya nta, akavibandika asubuhi ile ile: kimoja dirishani, kimoja nyuma ya friji, kimoja karibu na jiko la mkaa, na kimoja ukutani, mbele ya kiti cha mzee. Kufika adhuhuri, cha dirishani kimelala kama ulimi. Cha nyuma ya friji kimelegea. Cha jikoni kilishachuruzika mpaka sakafuni. Cha ukutani kigumu vile vile.

"Umeona?" Consolatha akajipiga kifua. "Litakaa hapa, baba yako alitazame bila hata kugeuza shingo."

"Mama, lakini nyuma ya ukuta huu si kuna tanuri la Mama Yaser?"

Mama Yaser ni Fakhria, jirani yao mwoka mikate. Nyumba zao zimegawana ukuta.

"Fakhria huoka alfajiri, na leo nimeugusa ukuta mapema, baridi kama mtungi. Ramadhani hii, mwanangu! Watu wamefunga. Huo mkate ataula nani?"

Akabandua nta yake, maana nta si kitu cha kuchezea. Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingia pamoja, na mishumaa ya Pasaka ilikuwa ikimsubiri. Raymundi akajaza maji, akafunga pampu ya hewa, akarudi kazini Kigoma.

Haikupita wiki. Jioni moja Consolatha yuko uani anakata tambi za mishumaa, akasikia mumewe anaita kwa nguvu kama zamani. "Consolatha! Njoo! Samaki wanahema!"

Akaingia mbio. Samaki wote wako juu, midomo wazi. Kaliua keshageuka tumbo juu. Akatumbukiza mkono, maji ni vuguvugu la kumwogeshea mtoto. Akaugusa ukuta, akauondoa mkono upesi.

Wakati huo huo, hodi mlangoni. Fakhria, na sahani ya mkate imefunikwa kitambaa, kama alivyoleta kila magharibi tangu mwezi uandame.

"Karibu futari, Mama Raymundi."

Consolatha akautazama mkate unavyotoa mvuke. Akautazama ukuta. "Mama Yaser, kwani huoki alfajiri?"

"Mwezi huu? Nawasha tanuri alasiri, watu wafuturu mkate wa moto. Mbona kila siku unaula! Ulidhani unashuka mbinguni?"

Jamani! Consolatha alitamani ardhi ipasuke. Mkate aliula, akausifu, akaomba na wa kesho, na hata siku moja hakujiuliza umeivia wapi.

Fakhria alipomwona samaki aliyekufa, akashika kifua. "Astaghfirullah! Ngoja nikazime tanuri."

"Huzimi kitu. Watu wafuturu nini? Aliyekosea ni mimi."

Neno hilo kinywani mwa Consolatha, hata mzee aligeuka kumtazama. Wanawake wale wawili wakashirikiana: samaki na pampu kwenye ndoo, maji yakachotwa kwa sufuria, tangi likakokotwa mpaka chumba anachofanyia kazi ya nta, mwisho wa ukumbi, likajazwa maji upya. Chumba kile hakipakani na jirani, jua haliingii, na tangu nyumba ijengwe nta haijawahi kulegea mle. Ubaya wake ni kwamba kiko mbali na kiti cha Emilian.

"Samaki wangu umewatupa stoo," mzee akasema.

"Hapa wangekufa wote."

"Na mimi nitawaonaje?"

"Si una miguu!" Lilimtoka kabla hajalifikiri. Mzee akageuza uso. Consolatha aliumia, akajiona ameua samaki na mume kwa ulimi na ujuaji wake.

Kesho yake alikuwa chumbani mle anamimina mishumaa, roho nzito, mara akasikia fimbo inagonga saruji ukumbini. Ikanyamaza. Ikagonga tena. Kila kiungo chake kilitaka kukimbia kumshika. Akaing'ang'ania sufuria ya nta kwa mikono miwili, akabaki pale pale.

Emilian akatokea mlangoni, jasho linamtiririka, akaegemea mwimo. Akawatazama samaki.

"Urambo," akaita. "Nguruka. Uvinza." Jina la Kaliua akaliruka.

Kisha akajisogeza mpaka kwenye tangi, akapeleka kiganja cha mkono wake usiopooza ukutani, nyuma ya kioo, akakiacha hapo kwa muda mrefu.

"Baridi," akasema. "Safari hii umepatia. Niletee kiti."

Consolatha aliitua sufuria, akakimbia kuleta kiti, na nta yote ikagandia humo.