Chuo Kingoje Mwezi Uandame

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, alikuwa mtu mzima hovyo. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja nimsifu huko mbele.

Tangu baba afariki yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba yetu pale Bagamoyo, na ukubwa wenyewe ulikuwa wa kukaa kibarazani, kunywa kahawa na kuamua mambo ya watu. Elimu yake yote ilikuwa kalenda. Alijua siku ya kukata nguo mpya, siku ya kupaka nyumba chokaa, siku ya kuanza safari, na siku ambayo mtu akae kwake atulie. Watu walikuja kumwuliza hata siku ya kuchimba choo, naye alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akajibu. Mimi nilimdharau tangu nikiwa mdogo, na kadiri nilivyokua sikuona sababu ya kuacha.

Nilipomaliza shule ya serikali, katikati ya miaka ya hamsini, niliitwa Dar es Salaam kuhojiwa na kamati iliyochagua watu wa kwenda kusoma Uingereza. Nilitaka uhandisi. Kila masika Mto Ruvu ulifurika, na watu wa Kiwangwa walikwama ng'ambo na mihogo yao na wagonjwa wao mpaka maji yapungue. Nilitaka kujenga daraja, basi.

Kamati ilikuwa Wazungu watatu na birika la chai. Nilikesha nikirudia hesabu, kumbe nilijisumbua bure. Wa kwanza aliniuliza kama najua kutumia uma na kisu. Wa pili aliniuliza nitafanyaje nikitengewa nyama ya nguruwe, nikamwambia nitakula viazi. Wa tatu, aliyekuwa akisinzia, aliamka ili kuniuliza kama nitaistahimili baridi. Hakuna aliyetaja daraja. Kwa majibu hayo ya uma na viazi nilipewa nafasi ya chuo kikuu, na ndipo nilipoanza kuwashuku wasomi.

Ilibaki saini ya mlezi. Sikuwa nimetimiza miaka ya kujisemea mwenyewe, na mlezi wangu kwa sheria alikuwa ami. Bila saini yake nafasi ingekwenda kwa mwingine, na mwaka uliofuata hakuna aliyeahidi kwamba wangeniita tena.

Nilimkuta kibarazani na wenzake wawili, mshona kanzu na mwuza nazi, watu waliokubaliana naye katika kila jambo maadamu kahawa haijaisha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Uingereza ya nini?" alisema kabla sijakaa. "Nenda Misri. Utasoma na dini humo humo."

"Misri kuna joto zuri," alisema mshona kanzu, ambaye hajapata kufika Lugoba.

"Au Bombay," alisema mwuza nazi. "Vitambaa vya Bombay havichuji."

"Kampala je?" ami aliuliza. "Karibu. Ila watamlisha ndizi mpaka avimbe."

Walinichagulia nchi kama watu wanaochagua samaki sokoni, wanabonyeza huyu, wanamnusa yule. Mimi nilikaa nimeinamisha kichwa kwa adabu na moyoni nawatukana wote watatu. Hatimaye ami aliniuliza meli inaondoka lini. Nikamtajia siku. Alifumba macho, vidole vikatembea, halafu akafumbua macho na kutikisa kichwa.

"Hiyo ni tarehe saba ya Mfunguo Tano. Huendi."

Wasiojua mambo yetu niwaeleze. Sisi watu wa pwani huhesabu miezi kuanzia mfungo wa Ramadhani unapokwisha, na Mfunguo Tano ndio mwezi wa Safar. Kwa watu kama ami, mwezi huo mzima ni nuksi. Hakuna kuoa, hakuna kuhama, hakuna kuanza safari.

"Ami, chuo kinafunguliwa. Nikichelewa sipokelewi."

"Waandikie. Waambie chuo kingoje mwezi uandame."

"Chuo kizima, ami? Kina wanafunzi wengi mno."

"Itawafaa na wao. Nani mwenye akili zake anayeanza jambo Mfunguo Tano?"

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Hakuwa akitania hata kidogo. Alinihurumia kwa dhati kwamba nakwenda kusomeshwa na watu wasiojua hata hilo.

Niliingia ndani na hasira zangu. Mama alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua, akaniambia nikaoge. Jioni alijitanda kanga yake, akasimama nyuma ya mlango wa kibarazani na kuita kwa sauti ya upole ambayo mimi niliijua vizuri. Alikuwa nayo kwa ajili ya wapumbavu.

"Shemeji, samahani. Mimi mwanamke sijui. Msafiri huhesabiwa katoka lini? Akipanda meli, au akivuka mlango wa kwao?"

"Akivuka mlango wa kwao," ami alijibu, amefurahi kuulizwa.

"Basi huyu si atavuka mlango Mfunguo Nne, kabla mwezi haujaandama? Akangojee meli huko njiani."

Ami alitafuta kosa asilione, kwa kuwa sheria alikuwa ameitoa mwenyewe. Alikohoa, akasema hilo hata yeye alikuwa karibu kulisema. Akatia saini.

"Lakini akishaagwa harudi," aliongeza, ili aonekane bado mkubwa. "Akirudi hapa hata kufuata kofia, safari imevunjika, na mimi sitamruhusu tena."

Siku ya mwisho ya Mfunguo Nne niliagwa. Ubani ulifukizwa, dua ikasomwa, pilau ikaliwa, na ami akala kuliko wote. Mama aliinua msahafu mlangoni nikapita chini yake, nimevaa suti ya sufu katika jua lile, jasho likinitiririka mpaka soksini. Nilikatazwa kugeuka, sikugeuka. Nilisikia tu bangili zake zikigongana alipoushusha mkono. Nikapanda lori, nikaanza safari ya Uingereza, nikashuka Mapinga.

Kwa shangazi yangu, dada yake baba, suti ilitundikwa kwenye msumari juu ya kuku waliokuwa wakiatamia. Nilimenya muhogo, nikaokota korosho. Majirani walikuja kunitazama, maana habari zilikuwa zimewafikia kwamba nimekwenda ng'ambo. "Kumbe Ulaya yenyewe ndiyo hii!" alisema mzee mmoja, na walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka. Nilijua kwamba mama amewashinda wote, ami na mwezi wake, na nilijiona mtu mwenye bahati sana.

Baada ya siku chache lile lori lilisimama mbele ya nyumba. Dereva alikuwa peke yake mbele, nyuma kuna magunia. Alinitolea kichwa dirishani.

"Mama yako ana homa kidogo. Kaniagiza nikwambie usirudi. Kasema ukikanyaga kizingiti tu, ami yako hatakutoa tena."

Nilikuwa nimekwisha inuka. Nikamwuliza homa ya namna gani. Akasema homa tu, akatia gea. Nikakaa.

Tarehe saba nilipanda meli. Habari zilinifikia Uingereza, kwa barua ya shangazi: mama alizikwa siku tano baada ya meli yangu kung'oa nanga. Ya Uingereza sina mengi. Mwenye nyumba wangu alikuwa akiuliza kila Jumapili kama kwetu tuna vitanda, na mwalimu wangu mmoja alidhani Tanganyika ni kisiwa. Nilisoma, nikafaulu, nikarudi.

Nilishukia Mapinga kwanza, kumwamkia shangazi. Ndipo aliponieleza, huku akilia, jambo ambalo hakuliweka katika barua. Mganga wa zahanati alisema mama apelekwe hospitali ya Dar es Salaam upesi. Mama mwenyewe aliomba. Lori lilisimamishwa mlangoni, dereva akakubali. Ami akakataa. Mgonjwa hatolewi nyumbani Mfunguo Tano, alisema. Akamwandikia kombe, aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akamnywesha. Alimnywesha mpaka mwisho. Msibani aliwaambia watu kwamba yeye alionya tangu mwanzo, na kwamba ule ujanja wa kuvuka mlango ndio uliomwua shemeji yake.

Nilifika Bagamoyo alasiri. Ami alikuwa kibarazani, amezeeka, kahawa mkononi. Alinikumbatia kwa furaha ya kweli, na hilo siwezi kumsamehe.

"Nimekuangalizia," alisema. "Leo siku njema ya kuingia."

Nilikaa. Nikakubali kikombe. Kisha nikamwuliza kwa upole, kwa ile sauti ya mama, siku mama alipoomba kupelekwa hospitali ilikuwa tarehe ngapi.

Alifumba macho, vidole vikatembea, na uso wake ukachangamka kama wa mtoto aliyeulizwa swali analolijua.

"Tarehe tatu," alisema. "Tarehe tatu ya Mfunguo Tano, Jumatano. Siku mbaya kweli kweli, mwanangu."

Tarehe tatu nilikuwa Mapinga, kando ya barabara ile ile ya kwenda Dar es Salaam. Lori lilisimama mbele yangu mchana, na nafasi ya mbele, ubavuni mwa dereva, ilikuwa tupu.