Mama Mkwe Alishukuru kwa Kovu

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, na watu wake walitoka Kasai. Kwa desturi yao, mkwe mwanamume hakai benchi moja na mama wa mke wake. Tangu nioe, tulikuwa tukizungumza mimi nikiwa mlangoni, yeye ndani. Tulielewana vizuri sana.

Siku moja alishikwa na maumivu ya kifua, akalazwa hospitali. Alipotoka, mke wangu alimuuliza munganga, yaani daktari, alisema nini.

"Anasema moyo iko na kovu," alijibu. "Kovu njo kusema kilonda kimepona."

Hakuna aliyembishia. Jumapili alitoa shukrani kanisani, kisha akatualika kwake Naviundu. Kulikuwa na ugali wa bukari, sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa chumvi kutoka Kasenga. Alikula kama mtu aliyepona.

Baada ya wiki chache miguu ilivimba, viatu vikakataa kuingia. Akawa analala ameketi, maana akijinyoosha pumzi inakatika. Asubuhi moja tulimkuta hawezi hata kufika barabarani, na kwa matope teksi haikuweza kuingia. Nilisimama mlangoni kama kawaida.

"Mama, itabidi nikubebe."

Alijifunga kitenge vizuri.

"Beba," alisema. "Lakini angalia kule."

Nikambeba nikiangalia kule. Ndiyo maana tuliingia dimbwini.

Hospitalini, munganga, mwanamke kijana, alimweleza bila haraka. Moyo ukiumia, seli za kutengeneza kovu zinaamka na kuziba palipoumia. Hiyo ni kazi nzuri; bila kovu, moyo unaweza kupasuka. Lakini nyingine hazirudi kulala. Zinaendelea kusuka nyuzi ngumu hata pasipo na kidonda, na nyama ya moyo inakakamaa. Haijai vizuri, haisukumi vizuri, na maji yanabaki miguuni na mapafuni.

"Kwa hiyo zinanitibu mpaka zinaniua," alisema mama mkwe.

"Karibu hivyo, mama."

"Uzifukuze, basi."

"Siwezi. Dawa itazipunguzia mbio. Kovu lililokwisha kujengeka linabaki. Na chumvi, uache."

Hapo ndipo alipolia. Kuhusu moyo alikuwa ametulia kabisa.

Tukirudi, mke wangu aliuliza kama tumwambie mchungaji kwamba hakupona.

"Mumuache," alisema mama yake. "Mungu alishapokea."

Tulimhamishia kwetu. Anameza vidonge vyake, na anasema mboga ya mke wangu ina ladha ya karatasi. Akipanda ngazi za kanisa husimama katikati, kama mtu anayemngojea mwenzake. Jirani akija na miguu iliyovimba, anamweleza zile seli kwa sauti ya darasani, kisha anamtuma hospitali.

Chumba chake kimepakana na chetu. Nikiamka, nasikiliza kwanza kikohozi chake ukutani. Nikikisikia, navaa viatu naenda kazini.