Tisa kwa Ishirini

Mji mzima wa Baraka, huku Kongo, unamjua Lionel Nimbona kwa mguu wake wa kushoto. Lile bao alilowafunga watu wa Uvira kutoka karibu na katikati ya uwanja, mpaka leo watu wa pikipiki wanalibishania, kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyekuwa amesimama nyuma ya goli. Sawa, wabishane. Mimi nasema jambo ambalo hakuna anayelibishania, kwa sababu halimhusu mtu: Lionel alitaka kuwa mwalimu wa biolojia. Basi. Hakutaka kingine.

Alivuka mto Rusizi kuingia Kongo akiwa mtoto wa shule ya msingi, mwaka ule Burundi ilipochafuka, mama yake Immaculée amemshika mkono mpaka ukauma. Baba alibaki nyuma kufunga nyumba, wala hakuonekana tena. Wakapitia maisha ya kambini, halafu Immaculée akapata kipande cha shamba la kukodi upande wa Mboko, akalima muhogo. Huko Mboko, shuleni, mwalimu mmoja alipasua samaki aina ya mukeke juu ya meza, akawaonyesha moyo wake, mdogo kama punje ya maharagwe. Lionel alirudi nyumbani na wazimu huo. Kila samaki aliyeletwa jikoni alipasuliwa na kuelezwa, hili yavuyavu, huu utumbo, hiki kifuko cha hewa, na sufuria inangoja motoni.

"Mwana wanje, mwanangu," mama yake alikuwa akimwuliza, "tule ao tusome?"

Mpira ulikuwa mchezo tu. Alicheza kwa sababu kila kijana wa Mboko alicheza, na kwa sababu mguu wa kushoto ulimtii bila kuambiwa. Ndipo siku moja, katika mashindano ya likizo, akapita Casimir. Profesa hakuwa, alikuwa mwalimu wa chuo, lakini hapa kwetu ukisimama tu mbele ya ubao wa chuo unaitwa Prof, na Casimir aliipenda sana hiyo Prof. Alifundisha didaktiki, yaani somo la namna ya kufundisha, katika chuo cha walimu cha Baraka. Tena alikuwa prezidan wa timu ya chuo. Alimtazama Lionel akicheza, kisha akamfuata mama shambani, viatu vyake vizuri vikiingia udongo.

"Mama Lionel, mutoto akuje kwetu. Acheze, asome. Minerval hautaulizwa."

Ada ya chuo isiulizwe! Immaculée alipiga magoti palepale katikati ya muhogo. Mtu aseme nini? Hata mimi ningepiga.

Sasa msifikiri alikuja chuoni kukaa mgongoni mwa mpira. Wapo waliofanya hivyo, tunawajua. Lionel asubuhi alikuwa uwanjani kabla jua halijatoka Tanzania ng'ambo ya ziwa, anakimbia, anapiga mashuti, anaruka ziwani kunawa, halafu anaingia darasani maji yanamdondoka shingoni, njaa inamwuma, usingizi unamvuta kichwa, na bado anaandika. Timu ilipopanda Fuso kwenda kucheza Kilembwe, wenzake waliimba njia nzima, yeye akakaa juu ya gunia, silabi, kitabu cha somo lake, magotini, anakariri mifupa ya chura huku gari linamrusha. Walimwita Dokta. Raphaël, kipa wa akiba, mtu aliyekula benchi mpaka suruali ikang'aa, alikuwa akimnyang'anya silabi na kumchezea.

"Dokta, chura iko na kabisa mifupa?"

"Iko nayo kuliko we. Rudisha silabi yangu."

Mwaka wa kwanza alipita. Wa pili alipita. Gordien, mkubwa wa shule moja ya sekondari ya Lweba, alimwona akifanya mazoezi ya kufundisha pale, akamwita pembeni. Alimwambia saa za biolojia hazina mwalimu, zinafundishwa na mtu wa historia, ni aibu. "Leta diplome tu," akasema. "Saa zako ziko hapa." Shule ilikuwa na chumba cha mwalimu, na nyuma ya chumba kipande cha ardhi ambacho Immaculée angelima bila kukodi kwa mtu. Lionel alimwambia mama yake habari hizo, na mama akaanza kulala vizuri.

Basi ukaja mwaka wa tatu, wa mwisho. Siku ya matokeo kwetu si siku ya kusoma karatasi ukutani tu. Watu wanajaa uani, jamaa wanakuja na poda ya kumwagia washindi kichwani, katibu anasimama na kusoma majina, kwanza wa distinksio, waliopita vizuri sana, halafu wa satisfaksio, waliopita tu, na mwisho wale walioangushwa, ajurne. Lionel alisubiri jina lake. Wakafikiwa wa satisfaksio. Raphaël akaitwa, akarukaruka kama aliyefunga bao la kwanza maishani mwake, na kweli hakuwahi kufunga. Wa satisfaksio wakaisha, katibu akameza mate na kusoma: Nimbona Lionel, ajurne. Somo moja tu. Didaktiki, tisa kwa ishirini.

Kupita ni kumi.

Alirudia mtihani katika sesio ya pili. Tisa. Akaandikishwa mwaka uleule tena, akakaa na watoto waliokuwa nyuma yake, na shule ya Lweba haikuweza kungoja. Saa za biolojia zikapewa Raphaël. Ndiyo, Raphaël wa mifupa ya chura. Gordien alimtumia Lionel ujumbe wa pole, akaongeza kwamba wazazi wa Lweba wanataka kidato cha nne kiwe na biolojia mwakani, saa nyingine zitakuwapo, aje nazo hizo karatasi. Kwa hiyo mlango ulikuwa bado wazi kidogo.

Lionel alijilaumu. Hapo ndipo moyo wangu unapouma mpaka leo: alijilaumu! Alifikiri Kifaransa chake ndicho kibovu. Alifikiri usingizi. Akaacha chakula cha mchana ili asome saa hiyo. Akaenda kwa Casimir, kofia mkononi, akaomba aonyeshwe anapokosea ili ajirekebishe.

Casimir akamgonga begani kwa upole. "Jikaze, Lionel. Uko karibu sana. Pointi moja tu."

Akajikaza. Mwaka ule alifunga mabao mpaka watoto wa Lweba walikuwa wanachora namba yake mgongoni kwa mkaa. Mwisho wa mwaka katibu akasimama uani na karatasi yake. Didaktiki, tisa kwa ishirini.

Siku mbili tatu baadaye alipita sokoni. Mama Adolphine, muuza samaki, shabiki ambaye sauti yake peke yake inatosha uwanja, alimwita kwa mbali, akamfungia samaki wanono kwenye jani, akakataa kulipwa.

"Chukua, mwana wetu. Na usihuzunike juu ya ile didaktiki. Prof Casimir alishatuambia, huyu sitamuachilia mpaka tubebe kombe. Akipata diplome si ataenda? Na siye tutabakia na nani? Na bale ba benchi?"

Akacheka. Wenzake kwenye meza za jirani wakacheka. Mmoja akaongeza, "Muntu anapendwa vile, angalia! Mi batoto bangu hakuna mwenye anabagombania."

Lionel akasimama na samaki wake mkononi. Kumbe walijua. Wauza samaki walijua, watu wa pikipiki walijua, huenda hata katibu aliyemeza mate. Wote walijua na wote waliona ni heshima, zawadi anayopewa mtu wa thamani. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba anaiba kitu. Na pale mbele ya Adolphine, aliyekuwa anamtazama kwa mapenzi ya kweli kabisa, alishindwa kukasirika. Alisema asante, mama. Akaondoka.

Hasira ilimpata njiani. Alifika kwa Casimir bila kubisha hodi.

"Prof, ni kweli?"

Casimir hakukana. Hilo nalo lilimshangaza Lionel, kwamba mtu hakuona hata haja ya kudanganya. Alimvutia kiti. "Kaa. Ni nani anakupenda hapa kuliko mi? Bila mupira, we uko nani mu Baraka? Murundi moja kati ya Barundi. Nani atakujua? Cheza season hii moja. Lete kombe. Kisha utaniona juu ya diplome."

Angekwenda wapi? Chuo kingine kingetaka karatasi za miaka yote, na karatasi zilikuwa kwa Casimir. Chuo kingine kingetaka minerval. Akaandikishwa tena mwaka uleule, akarudi uwanjani. Jamani, huo mtego uangalieni vizuri, maana Lionel aliuangalia kila siku kwenye mazoezi: akicheza vibaya, kombe haliji na hapewi diploma, akicheza vizuri, wanazidi kumpenda, na wakimpenda wanamfunga tena. Alianza kuuchukia mguu wake wa kushoto. Alianza kuchukia watu wakiimba jina lake. Alicheza akiwa na hasira, na hasira ile, balaa gani, ikamfanya acheze vizuri kuliko siku zote.

Goti liliharibikia Fizi, mechi moja kabla ya fainali. Uwanja wa kule ulikuwa mkavu kama sakafu, beki akaja kwa miguu yote miwili, na Lionel akasikia kitu ndani kikikatika kabla hajasikia maumivu. Walimfunga kwenye pikipiki kati ya watu wawili mpaka hospitali. Casimir alifika kesho yake na ndizi za kuiva. Aliziweka kitandani, akamgeukia daktari.

"Atarudi ku terrain kucheza lini?"

"Huyu?" daktari akasema. "Atembee kwanza."

Casimir akatikisa kichwa kwa huzuni. Nafikiri ilikuwa huzuni ya kweli. Hakuja tena. Adolphine alituma samaki mara moja, halafu akawa na shughuli. Sokoni walianza kusema ule Murundi mwenye aliumiaka muguu, maskini, na baada ya muda hawakusema kitu, maana timu ilikuwa imepata mshambuliaji mpya kutoka Uvira. Aliyekuja kila siku alikuwa Immaculée, na chungu cha sombe, majani ya muhogo, kichwani, anapanda lifti za malori kutoka Mboko na kurudi.

Mitihani ilifika Lionel akiwa kwenye plasta. Aliyoweza kuifanya, aliifanya, mguu umenyooshwa juu ya benchi. Mtihani wa didaktiki hakuufanya. Siku hiyo daktari alikuwa anamfungua plasta, na alipofika chuoni kwa magongo, mlango ulikuwa umefungwa. Akajua yamekwisha. Alimkataza mama yake asije siku ya matokeo. Mama akaja tu, na kopo la poda, na jogoo chini ya kwapa.

Katibu akasoma. Safari hii hakumeza mate.

"Nimbona Lionel. Satisfaksio."

Immaculée alipiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Alimmwagia mwanawe poda kichwani, shingoni, juu ya magongo, akilia na kucheka, akimwita kwa jina la baba yake aliyebaki ng'ambo. Lionel aliinama ili mama amfikie. Kisha akajikokota hadi ubaoni ambako pointi zilikuwa zimebandikwa. Didaktiki, kumi na nne.

Alimkuta Casimir ofisini kwake, anakunywa chai.

"Prof, ile mtihani mi sikufanya."

"Najua."

"Nipe niifanye sasa."

"Ufanye ya nini? Pointi si uko nazo?" Casimir akamtazama, poda inadondoka kwenye mabega ya kijana, na kweli alitaka kumtuliza. "Lionel. Sikiliza. Usijisumbue. Hata zile za zamani sikuzisomaka."

"Zipi?"

"Makaratasi yako. Hata moja sikufunguaka. Ungeandika nyimbo za kanisa, ingekuwa tu ile tisa."

Lionel alishikilia kingo za meza. Ile miaka yote, alfajiri zile, zile saa za chakula alizozitoa, sentensi alizoziandika mara tatu ili Kifaransa kinyooke. Je, aliwahi kujua kitu? Alikuwa mwalimu au hakuwa? Hapakuwa na mtu duniani wa kumwambia. "Nirudishie hayo makaratasi," akasema. "Nitayapeleka kwa mwengine ayasome."

"Eh! Yako wapi? Tulishauzishia bamama ba mandazi, banafungia."

Aligeuka atoke. Mlangoni alikuwa amesimama mama yake, kitenge kimefungwa upya, jogoo mikononi. Alikuwa ametafuta ofisi hiyo chuo kizima. "Ndio kwa Prof hapa?" akauliza, na kabla Lionel hajafungua mdomo alikuwa amepita chini ya mkono wake, amepiga goti kama siku ile shambani, anamnyooshea Casimir jogoo kwa mikono yote miwili.

"Prof, asante. Asante kwa kumusaidia mutoto wangu. Sina kitu ingine. Mungu akubariki, na batoto bako."

Lionel angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Alimtazama mama yake mgongoni, mgongo ulioinamia muhogo wa watu miaka yote hiyo, akaona jinsi ulivyonyooka.

"Simama, mama, simama," Casimir akasema, akapokea jogoo, akampima uzito kidogo kwa mkono. "Ni kazi yetu."