Mama Vifungo Aenda Bwawani

Mtaani kwao wengi wamelisahau jina lake la kuzaliwa, mwenye nyumba akiwa mmojawapo. Wote humwita Mama Vifungo, na jina hilo hakupewa bure. Tangu amalize darasa la saba na kukalishwa mbele ya cherehani, kazi yake imekuwa kushona sare za shule, na hakuna aliyewahi kumrudishia shati akilalamika kwamba kifungo kimedondoka. Shati la Mama Vifungo litafifia, litachanika kiwiko, litarithiwa na mdogo mtu, mwisho litakuwa tambara la kudekia, na vifungo vitakuwa palepale vinakutazama.

Mumewe ni fundi bomba. Siku sita anapigana na maji yasitoke, na siku ya saba anakwenda bwawani kuyatazama yakiwa yametulia. Si msemaji. Maneno yake hutoka kama maji ya mgao: yakija, kinga ndoo upesi, maana hujui yatarudi lini. Mungu, kwa utani wake, akampa watoto watatu ambao hawana koki. Wa kwanza ni binti wa miaka saba, anaitwa Wakili, kwa sababu ukimwambia aoge atataka kujua jana alioga kwa kosa gani. Wa pili ni wa kiume, miaka mitano, anaitwa Breki, kwa kuwa hana. Wa mwisho, msichana wa miaka mitatu, baba yake alimpa jina Tone, na kama unajua kazi ya mabomba basi unajua tone moja linavyoweza kuwanyima usingizi watu wa nyumba nzima.

Sasa, Mama Vifungo si mtu wa kupayuka, ila macho yake hayalali. Alikuwa ameona jambo. Kila Jumapili jioni mumewe akirudi kutoka bwawani, huingia mlangoni na uso ambao watoto hawaujui. Paji limelainika, mabega yameshuka, mdomoni kuna kitu kinachokaribia kuwa tabasamu. Lakini uso huo haudumu. Wakishamrukia, na ndoo ikamwagika, na mmoja akamkanyaga mwenzake, uso umekwenda, na Jumatatu mapema mwenyewe amekwenda na spana zake. Mama Vifungo akawa anawaza: hawa watoto watakua wakimjua baba yao wa spana tu, na yule mwingine atabaki kuwa wa samaki?

Akaomba waende wote. Fundi akasema samaki hawapendi kelele. Akaomba tena mwezi uliofuata, akaambiwa njia ni ndefu. Mara ya tatu hakuomba, alikaa akimtazama anavyofunga ndoana zake, mpaka mwenyewe akasema lililokuwa moyoni: watoto ni watatu, yeye ana mikono miwili, na maji hayana udugu. Hapo mkewe akamwelewa, na akampenda zaidi, ila hakukata tamaa. Alimwambia kwamba kama tatizo ni mikono, yeye ni fundi, atashona mwingine.

Fundi alikuna kidevu muda mrefu.

"Jumapili moja," alisema. "Mtoto akigusa maji, hata ukucha, habari imekwisha. Tusiulizane tena."

Mama Vifungo akasema sawa, haraka, kabla mgao haujakatwa.

Kwenye karakana anakoshona na wenzake, chumba chenye cherehani tatu na dirisha moja, lilikuwepo bunda la lastiki pana, ile ya kutia viunoni mwa sketi. Mwenye karakana alimpa mita nne za mwisho zilizokunjamana. Jumamosi, wenzake walipokwenda kula, Mama Vifungo alikaa akashona. Ncha moja ya lastiki aliifanyia kitanzi cha kufunga kiunoni mwake mwenyewe. Kuelekea ncha ya pili alishona matawi matatu yenye matundu. Kisha akachukua nguo za watoto, kila moja akaipigia vifungo viwili vikubwa mgongoni, kaptura ya Breki kiunoni kwa nyuma, uzi mara nne, fundo juu ya fundo. Ungeweza kumning'iniza ng'ombe.

Jioni wakajaribu sebuleni. Breki alitimka kuelekea mlangoni, akafika nusu, akarudi kinyumenyume kama mtu aliyekumbuka kitu. Alipenda hivyo hata akarudia mara kumi na moja. Tone akadai naye arudishwe. Wakili alisema yeye ana miaka saba na si mbuzi, akakata rufaa kwa baba yake, akashinda: ataachwa huru kwa masharti ya kukaa chini. Fundi alizivuta zile mita nne kwa mikono yake miwili, akaziachia, akasema kazi si mbaya. Kwake hiyo ni hotuba.

Kosa lilikuwa moja tu, na ni kosa la washonaji wote duniani. Fundi wa nguo humpima mtu akiwa amesimama wima, mikono pembeni, pumzi ameshusha. Breki hajawahi kupimwa akikimbia.

Basi Jumapili wakaondoka asubuhi, Fundi mbele na fito zake begani, mkewe nyuma na watoto wawili wamefungwa kwake kama mabehewa, Wakili pembeni akiwa huru na akihakikisha dunia nzima inajua. Walipita kwenye matanuri ya matofali, wakashuka kinjia cha nyasi, na bwawa hilo hapo, limelala kama bati jipya. Ng'ambo alikuwa ameketi mvuvi mmoja tu, mwalimu mstaafu, rafiki wa Fundi wa miaka mingi. Urafiki wao ulikuwa wa kuinuliana kofia asubuhi na kuinuliana tena wakati wa kuondoka. Siku hiyo Mwalimu aliinua kofia, akauona msafara, akaisahau mkono wake ukiwa hewani.

Shughuli ilianza kugoma kwenye chambo. Nyungunyungu walichimbwa jana yake nyuma ya bafu, na kopo lao Tone alilikumbatia njia nzima. Fundi akatumbukiza vidole, akamtoa mmoja mnene, akaishika ndoana. Tone akamtazama kwa huzuni.

"Huyo ni Shangazi."

Fundi akamrudisha Shangazi, akatoa mwingine. Huyo naye akaambiwa ni Bibi. Mtu mzima akabaki ameshika ndoana mkono mmoja na mama yake mzazi mkono wa pili. Mkewe aligeuka akajifanya anakohoa. Wakili alieleza kwamba wote wameshapewa majina, ukoo mzima, upande wa baba na upande wa mama, na kwamba mtu huwezi kumchoma aliyekwisha kupewa jina. Fundi akafunika kopo, akaomba mkate. Akafinyanga kidonge, akakitia kwenye ndoana, akatupa mshipi.

Na unajua, kwa muda kidogo, kama wa kuchemsha chai, kulikuwa na kimya. Chelezo, kile kibao kidogo kinachoelea kwenye mshipi, kilitulia. Watoto wakakikodolea macho. Mama Vifungo alimwibia mumewe jicho la pembeni, akaona lile paji limeanza kulainika, akajiambia moyoni: kidogo tu, Mungu wangu, kidogo tu hivihivi.

Ndipo Tone akatangaza kwamba amebanwa.

Kichaka kilikuwa hatua ishirini nyuma. Mama Vifungo alimfungua Tone, akakivua kitanzi kiunoni mwake, na kwa kuwa Breki hawezi kuachwa bila mwenyewe, akakifunga kitanzi kile kiunoni mwa mumewe. Akamnong'oneza, "Baba watoto, shika huyu," akaenda. Fundi hakugeuka. Chelezo kilikuwa kimeanza kucheza.

Kikazama. Ufito ukapinda kama mgongo wa mzee. Alikuwa kambale, tena kambale mwenye wajibu wa familia, maana alivuta kwa uchungu. Fundi akasimama ukingoni, akakita visigino, akavuta. Wakati uleule, juu ya mteremko, bata mmoja akatoka kwenye majani, akamtazama Breki kwa dharau, akaanza kukimbia.

Breki naye huyo.

Lastiki ikanyooka. Ikaimba. Fundi akahisi anavutwa kwa nyuma, naye, bila kugeuka, akaegemea mbele kusawazisha, huku kambale akimvuta kwa mbele. Kwa punje ya dakika alisimama katikati, samaki huku, mwana kule, wala haijulikani nani angeshinda. Vifungo vya Mama Vifungo havikukatika. Vingekatika vipi? Kilichokubali kuachia ni Breki mwenyewe: alitoka ndani ya kaptura yake kama njugu kwenye ganda, akaendelea kumkimbiza bata, makalio yakimeremeta juani. Kaptura ikarudi mita nne kwa mwendo wa kombeo, ikamchapa Fundi kisogoni, pa! Naye, akiwa ameegemea mbele na hakuna tena cha kumzuia nyuma, akaingia majini kichwa kwanza, ufito mkononi.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Siku hiyo mmoja alivua nguo, mwingine akaoga.

Kutoka ng'ambo sauti ya Mwalimu ilisafiri polepole juu ya maji, sauti ya mtu aliyefundisha madarasa makubwa. "Fundi. Kuna bomba linavuja huko chini?"

Mama Vifungo alitoka kichakani mbio. Alihesabu kwanza watoto, kama mama yeyote. Wakili, amekaa, mkavu, amejiziba mdomo. Breki, juu kule, uchi, mkavu. Tone, mkononi mwake. Kisha akamwona mumewe akisimama, maji kifuani, jani la yungiyungi sikioni, kaptura ya bluu ikielea mbele yake kama mwanakamati aliyekuja kukagua. Kambale alikwishakwenda zake na ndoana. Mama Vifungo alijiuma ulimi, maana ukicheka hapo umecheka Jumapili zako zote zilizobaki.

"Baba anaoga," alisema Tone. "Na mimi naoga."

Akachomoka mkononi kama sabuni. Mama yake akamfuata, akamdaka vifungo vya mgongoni, navyo vikashika kama kawaida yake, lakini vidole vya mguu wa mtoto vilikuwa vimebakiza unene wa kidole kufika kwenye maji. Wakili akasimama. Kila mmoja aliijua sheria, na kila mmoja aliutazama ule mguu mdogo unaochezacheza juu ya maji. Fundi naye aliutazama. Akayaondoa macho pale, akamtazama mkewe, ambaye uso wake ulikuwa unapigana na kicheko na kilio kwa pamoja, na haukuwa umeamua.

Fundi akalitoa jani sikioni. Akanyoosha mikono.

"Mlete," alisema.

Mama Vifungo hakuyaamini masikio yake, akabaki amemshikilia mtoto vilevile. Ni Wakili aliyeuliza, kwa sauti ndogo isiyo ya mahakamani, kama Baba akimtia Tone majini yeye mwenyewe, watakuwa wameshindwa.

Fundi alijipangusa maji usoni.

"Sheria imelowa," akasema. Na hapo kicheko kikamtoka, si kile cha kupumulia puani walichokizoea nyumbani, bali kikubwa, cha tumboni, kilichomrusha yule bata majini na kumfanya Mwalimu ng'ambo aanze kucheka bila kuambiwa la nini. Breki alikuja mbio kutoka juu, naye kwa kuwa hana breki hakusimama ukingoni, akadakwa na baba yake angani. Tone akakalishwa begani. Wakili akaingia mpaka magotini, akiwa ameshika tawi lake la lastiki kwa hiari yake mwenyewe. Mama Vifungo alikunja gauni, akatia mguu mmoja, akasema maji ya baridi, akatia wa pili.

Samaki hawakupata hata mmoja. Wakati wa kurudi Fundi alitembea viatu vikilia chwa, chwa, Breki akiwa amevishwa shati la baba yake linaloburuta chini. Mkewe alikuwa nyuma hatua chache, Tone amemlalia mgongoni. Hakuuliza kitu. Walikuwa wamekwishapita matanuri ya matofali, Fundi aliposema, bila kugeuka, kwamba Jumapili ijayo watoke mapema zaidi, wafike kabla ya Mwalimu.

Mama Vifungo alisikia vizuri sana. Akajifanya hakusikia, ili aseme tena.

Akasema tena.